Habari nazo zinahitaji kiwanda cha kukobolea

Mkulima wa kahawa wa Kibosho mwenye nusu eka chini ya migomba hanunui mtambo wa kukobolea. Anachuma, anamenya kwa mashine ya mkono nyuma ya nyumba, analoweka, anaosha, anaanika juani, kisha anabeba kahawa yake ikiwa bado na ganda hadi chama cha msingi, ambako inapimwa na kuandikwa kitabuni kwa jina lake. Kutoka mlimani inashuka Moshi mjini, katika kiwanda cha TCCCo, inakobolewa, inapangwa kwa madaraja na kusubiri mnada. Mtambo ni mmoja na wakulima ni maelfu, lakini sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba kahawa ya Kibosho imegeuka kuwa ya Machame kwa sababu tu zimepita mlango mmoja.

Naanza na kahawa kwa sababu mjadala wa uhai wa vyombo huru vya habari huku kaskazini mwa Tanzania unaendeshwa kana kwamba kila chombo lazima kiwe na shamba lake, mtambo wake, lori lake na mnada wake. Redio jamii, televisheni ya mtandaoni yenye waandishi watatu, tovuti ya habari za wilaya moja: kila kimoja kina fundi wake wa kukodi, kompyuta yake moja iliyobeba kila kitu, leseni yake, na andiko lake la kuomba ruzuku. Hoja yangu ni kwamba shida ya fedha na shida ya teknolojia katika vyombo hivi ni shida moja, na haitapungua mpaka vyombo vidogo vimiliki mitambo kwa pamoja, kwa masharti yanayomruhusu kila mmoja kuondoka na mali yake siku atakapotaka. Nusu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo ngumu, na historia ya mji huu inaonyesha kwa nini.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikikisaidia, jioni baada ya kazi, chombo kimoja cha mtandaoni hapa Moshi chenye waandishi watatu na kamera mbili. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Ukutani walikuwa wamebandika kwa selotepu karatasi yenye nywila ya intaneti, namba ya mita ya LUKU na simu ya fundi wa tovuti. Huyo fundi ndiye aliyesajili anwani ya tovuti, kwa jina lake na kwa barua pepe yake, kwa kuwa siku ile ni yeye peke yake aliyekuwa na kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Baadaye akapata kazi Dodoma, jambo ambalo hakuna wa kumlaumu kwalo. Muda wa anwani ulipokaribia kwisha, ujumbe wote wa kukumbusha malipo ulimwendea kwenye barua pepe aliyokwisha kuiacha. Asubuhi moja tovuti haikufunguka. Habari za miaka mitatu, zikiwemo za mgogoro wa mfereji baina ya vijiji viwili ambao hakuna chombo kingine kilichoufuatilia, zilipotea kwa kukosekana ada isiyozidi bei ya kuku wawili wa kienyeji. Miezi kadhaa baadaye anwani ile ikanunuliwa na watu wa kubeti.

Waandishi wale hawakushindwa kuandika, wala hawakukosa wasomaji. Kilichowaangusha ni kazi ambayo si ya mwandishi, kazi ya kuweka kumbukumbu, kulipia kwa wakati na kuhifadhi nakala, ambayo chombo cha watu watatu hakiwezi kumwajiri mtu kwa ajili yake na ambayo wafadhili wachache sana wanakubali kuigharamia.

Ruzuku kwa kawaida hutolewa kwa mada. Andiko likiwa juu ya lishe ya watoto, mabadiliko ya tabianchi au ushiriki wa wanawake katika uchaguzi, bajeti hukubali posho za safari, mafunzo ya siku mbili hotelini na idadi fulani ya vipindi. Mshahara wa mhasibu, ada ya seva, betri za kuhimili umeme unapokatika na fundi wa kudumu huitwa gharama za uendeshaji, na hukatwa kalamu mpaka zibaki asilimia ndogo. Mradi ukifungwa, chombo hubaki na kompyuta mpya yenye programu ambazo muda wake wa matumizi unakwisha, na wahariri waliokwisha kuzoea kufikiri kwa kufuata kalenda ya mfadhili. Nisieleweke vibaya: habari nyingi nzuri za vijijini zisingeandikwa bila fedha hizo. Lakini ni fedha za kuvunia tu, na mwenye kuzitoa anaweza kugeuza mawazo msimu wowote.

Hilo tumeliona kwa macho. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka likaeleza wiki chache baadaye kwamba bajeti ya mwaka huo ilikuwa imetenga zaidi ya dola milioni 268 kwa ajili ya vyombo huru vya habari duniani, na kwamba katika mwaka 2023 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imesaidia waandishi 6,200 na vyombo 707 visivyo vya serikali. Wino wa kalamu moja ukagusa vyumba vya habari katika nchi ambazo mwenye kalamu huenda asizijue kwa majina. Yeyote anayetaka kujenga uhuru wa habari juu ya msingi huo ajiulize uhuru gani unaofutwa kwa saini ya rais wa nchi nyingine.

Matangazo ya biashara nayo yana kamba yake. Mikoani mtangazaji mkubwa mara nyingi ni taasisi ya umma, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kazi hiyo, na ni hatua ya maana. Hata hivyo, mlango kufunguliwa si sawa na kulipwa. Wahariri wa redio ndogo wanajua maana ya kurusha tangazo mwezi wa tatu na kuandika barua ya kudai hadi mwezi wa kumi na mbili, huku wakisita kurusha habari mbaya ya mdaiwa wao. Kwa redio za mkoa wa Kilimanjaro, tangazo la kifo, linalolipwa papo hapo na familia, ni pato la uhakika kuliko la ofisi kubwa. Ni ajabu kidogo kwamba marehemu ndio wateja wasiokopa.

Panapopungua mshahara, huingia bahasha. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari moja moja, tena baada ya kuchapishwa, hufika kwenye mkutano akiwa amejilipia nauli na bando, na aliyeandaa mkutano anajua. Tumezoea kulizungumza hili kama suala la maadili, na kweli ni la maadili, ila kabla halijawa la maadili lilikuwa la hesabu: gharama ya kuipata habari imebebwa na mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo, na yeye ameihamishia kwa mtu anayetaka habari hiyo iandikwe atakavyo.

Mkoa huu, kwa bahati nzuri, unaijua bahasha ya aina nyingine. Katika sharika na parokia nyingi za hapa kila muumini ana namba yake na bahasha zake za ahadi. Mwanzo wa mwaka anatamka atatoa kiasi gani, na mhazini anaandika kila anapotoa. Harusi zetu zinaendeshwa hivyo hivyo, kwa kadi za mchango na orodha kwenye kundi la WhatsApp inayoonyesha nani ameahidi, nani amepunguza na nani bado. Watu hawa hawahitaji kufundishwa kuchangia kitu cha pamoja kila mwezi. Wanachohitaji ni kuona kitabu.

Kwingine duniani mfumo wa wanachama umejaribiwa na ukashika. Mediapart ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2008, inaishi kwa fedha za wasomaji bila matangazo. De Correspondent ya Uholanzi mwaka 2013 ilikusanya zaidi ya euro milioni moja kutoka kwa watu wapatao 19,000 kabla haijachapisha hata makala moja. Mifano hiyo hutajwa katika kila semina, na mara nyingi inatupotosha, kwa sababu imejengwa juu ya kadi ya benki inayokatwa yenyewe kila mwezi. Kwetu mwanachama analipa kwa simu, kwa lipa namba, akiingiza namba ya siri kila mara, asipokumbushwa, hatoi. Kwa hiyo uanachama wa chombo cha Moshi utafanana zaidi na ahadi ya kanisani kuliko na usajili wa gazeti la Paris: utakuwa na msimu, utakuwa na mtu wa kupiga simu, na utakuwa na mwezi wa Desemba, pale barabara ya kutoka Dar es Salaam inapojaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, au, kama utani usemavyo, kuhesabiwa. Hao ndio wasomaji wenye fedha wa habari za Rombo, Mwika na Machame, kwa kuwa mashamba, makaburi na wazazi wao wako huku. Mji huu ulikuwa na gazeti lake, Komkya, tangu miaka ya 1950. Kiu ya habari za nyumbani si jambo lililoletwa na simu.

Tuseme chombo kimoja kinapata wanachama 500 wanaotoa shilingi 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Ukilipa pango, umeme, bando na waandishi wawili kwa kiwango cha aibu, zimekwisha, na hapo bado leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi ya shilingi 100,000, ada ya leseni 1,000,000 na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Ingawa viwango vilishushwa baadaye, mzani ni ule ule, kwamba mdogo analipia mlango kana kwamba ni mkubwa. Fundi wa kweli hayumo katika hesabu hiyo. Lakini vyombo vinane vikitoa shilingi 150,000 kila kimoja, inapatikana 1,200,000, na kwa fedha hiyo fundi mmoja anaweza kuajiriwa kwa mkataba, akasimamia tovuti nane, nakala nane za hifadhi na mfumo mmoja wa kupokea na kuandika ahadi za wanachama. Hapa ndipo fedha na teknolojia zinapokuwa kitu kimoja. Chombo hakiwezi kuaminiwa na wachangiaji kama hakina kitabu kinachoonekana, na hakiwezi kuwa na kitabu hicho kama kila mmoja anajitengenezea chake usiku, kwa programu iliyonakiliwa bila leseni.

Wenye magazeti walikwisha kulitambua hili zamani. Mwaka 1846 magazeti ya New York yaliyokuwa yakigombea wasomaji wale wale yaliungana kugawana gharama ya kuleta habari za vita vya Marekani na Mexico, na kutokana na mapatano hayo ikazaliwa Associated Press, ambayo mpaka leo ni ushirika wa wanachama wake. Na huhitaji kwenda mbali hivyo: kampuni za simu zinazogombea wateja hapa nchini zinatundika antena zao kwenye mnara mmoja, na tangu mwaka 2014 zimeanza kupokeleana miamala ya fedha. Ushindani wao haukufa. Ulihamia mahali penye maana.

Mpaka hapa hoja ni nyepesi, na ningekuwa mwuza programu ningeishia hapa. Sasa historia ya Moshi.

Mnamo Februari 1963 redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, kwa masafa mafupi, ikisikika sehemu kubwa ya Afrika na Asia. Kwa Kiingereza iliitwa Radio Voice of the Gospel. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa hapa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili, na studio nyingine katika nchi nyingine zilitengeneza kwa lugha zao. Kanda zikasafirishwa, na mitambo ya Addis ikazirusha. Ulikuwa mpango wa busara kabisa, kwa sababu hakuna kanisa moja la Afrika Mashariki ambalo lingeweza kununua mtambo wa kilowati 100, na kila studio ilibaki na watu wake, lugha yake na maudhui yake. Kisha, Machi 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikauchukua mtambo. Watangazaji wa Moshi walikuwa na sauti zao, maikrofoni zao na wasikilizaji wao, na hawakuwa na pa kusemea. Miaka mingi baadaye jina la Sauti ya Injili lilianza kusikika kwa FM, kwa mtambo wa hapa hapa.

Mwaka mmoja kabla ya tukio hilo, mwaka 1976, serikali yetu ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichokuwapo tangu 1933, ikaondoka kwenye daftari mpaka iliporudishwa miaka ya 1980. Katika miezi isiyofika kumi na miwili, mifumo miwili ya kugawana mitambo iliyokuwa ikiutegemea mji huu ilifungwa na watu ambao hawakuwa wanachama wake. Na pale ambapo serikali haikuingilia, ushirika wa kahawa ulijeruhiwa na madeni, uongozi mbovu na malipo ya kuchelewa, hata mkulima akaona heri auze kwa mlanguzi anayelipa taslimu. Kwa hiyo anayewaambia waandishi waungane bila kutaja hayo anawauzia mbuzi ndani ya gunia.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, kati ya mtambo wa Addis na mtambo wa leo, na naiona kuwa ndiyo inayobadilisha hesabu. Mtambo wa Addis ulikuwa chuma. Aliyeshika jengo ameshika kila kitu. Programu huria, yaani ile ambayo maandishi yake ya ndani (msimbo) yeyote anaruhusiwa kuyachukua na kuyabadilisha, haina jengo. Kwa miaka kadhaa redio nyingi ndogo duniani zilitumia programu ya kupanga na kurusha vipindi iitwayo Airtime, iliyotengenezwa na shirika la Sourcefabric. Uendelezaji wa toleo lake huria ulipozorota, watumiaji mwaka 2017 waliuchukua msimbo wake, kama leseni ilivyowaruhusu, wakauendeleza kwa jina la LibreTime, na redio zikaendelea kuwa hewani. Hawakumwomba mtu ruhusa. Ndivyo ilivyo kwa WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na ndivyo ilivyo kwa Ghost, mfumo wa kuchapisha na kupokea wanachama ambao unamilikiwa na taasisi isiyogawana faida na ambao msimbo wake yeyote anaweza kuuchukua. Vitu hivi vipo, vinafanya kazi, na bei ya kuvianzisha ni ujuzi, si hati ya ununuzi.

Lakini programu huria haimwokoi asiyeshika data yake. Chombo kinachoishi ndani ya ukurasa wa Facebook au chaneli ya YouTube kiko Addis Ababa ya mwaka 1976: kinasikika vizuri, na mwenye mtambo hajabadilisha mawazo bado. Ndiyo sababu nasema kipimo cha muungano wowote wa kiteknolojia si unavyofanya kazi siku njema bali unavyoachana. Mwanachama akiamua kutoka Ijumaa, Jumatatu awe na makala zake zote, orodha ya wanachama wake na namba za simu zao katika faili ambalo mfumo mwingine unaweza kulisoma. Anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la chombo chenyewe, kamwe isiwe kwa jina la muungano au la fundi. Fundi alipwe na wote na asiwe na ufunguo wa kuhariri habari ya yeyote. Kila chombo kiwe na kura moja bila kujali kinachangia kiasi gani, kwa sababu chombo kikubwa chenye kura kubwa hakikawii kugeuza muungano kuwa idara yake.

Kuhusu umbo la kisheria sina msimamo mkali. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatoa njia, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika, kina watu wanaojua kukagua vitabu vya chama kuliko mshauri yeyote wa kigeni. Wapo watakaosema, kwa kukumbuka 1976, kwamba kujiweka chini ya mrajis wa vyama vya ushirika ni kuipa serikali kamba ya pili, na wangependelea kampuni isiyogawana faida. Nawaelewa. Klabu za waandishi za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro zinaweza kuwa mahali pa kukutania, ila zinaunganisha waandishi mmoja mmoja, na tunachozungumzia ni kuunganisha vyumba vya habari.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Seva moja ni mlango mmoja, na amri moja inaweza kuufunga. Majaji wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, mwendo usiofika saa mbili kutoka hapa, waliamua Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu ile ni ngao, lakini si ukuta, na mwenye kufunga mlango hasubiri kusoma hukumu. Jibu langu ni la kifundi. Nakala ya kwanza ikae kwenye seva ya muungano. Ya pili ikae nje ya nchi, kwa mtoa huduma tofauti, na ijaribiwe kila robo mwaka kwa kufunguliwa kweli, si kwa kuambiwa na fundi kwamba ipo. Ya tatu ikae hapa Moshi kwenye diski ndani ya kabati la chuma la mhasibu wa muungano, mtu ambaye si lazima ajue hata kuifungua, mradi anajua tarehe ya kulipia anwani ya kila mwanachama na ameiandika kitabuni, kila moja kwa jina la mwenyewe.